Kilwa na Vigae Vyake

Katika pwani ya kusini ya Tanzania kuna kisiwa kidogo kiitwacho Kilwa Kisiwani. Wakaao huko leo ni wavuvi na wakulima, watu wa maisha ya kawaida kama sisi. Lakini miaka 700 iliyopita palikuwa na mji mkubwa wa mawe, wenye msikiti, majumba na bandari, na habari zake zilisikika Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Mji ule umekufa. Kuta zake nyingi zimebomoka, na miti imeota katika vyumba vya wafalme. Hata hivyo, mtu hawezi kutembea hatua nyingi mahali pale bila kuona vigae vya vyombo chini ya miguu yake: vyekundu, vyeusi, vya kijani, na vyeupe vyenye maua ya buluu.

Watu wengi hudhani ya kuwa kigae ni takataka tu. Hakipiki, hakiteki maji, wala hakiuziki sokoni. Katika somo hili tutaona ya kuwa kigae ni shahidi, tena shahidi asemaye mambo ambayo vitabu vya wafalme havikuyasema.

1. Njia ya kwenda Kilwa

Mtu aondokaye Musoma au Butiama hupita Bunda, akaenda Mwanza, kisha Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, hata afike Dar es Salaam. Toka hapo hushika njia ya kusini. Huvuka mto Rufiji juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya daraja hilo wasafiri walivuka kwa kivuko, na mvua zikizidi walingoja sana. Afikapo Nangurukuru huiacha njia ya Lindi, akageuka kushoto kuelekea baharini.

Sharti ajue ya kuwa Kilwa ni tatu. Iko Kilwa Kivinje, mji uliostawi katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe na ya watumwa. Iko Kilwa Masoko, penye ofisi za serikali. Na iko Kilwa Kisiwani, ndiyo ya kale kuliko zote. Mgeni hupata kwanza kibali Kilwa Masoko, ndipo huvushwa kwa mashua.

Mtoto wa Musoma aliyewahi kuvuka ziwa kwenda Kinesi hataogopa kuvuka huku, maana mlango huu wa bahari ni mwembamba. Lakini ataona mambo mawili mageni. La kwanza, maji haya ni ya chumvi, hayanyweki. La pili, maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku. Asubuhi mashua yaweza kuelea karibu na mlango wa ngome, na baadaye ikawa imelala juu ya mchanga. Ziwa letu halina desturi hiyo.

2. Mji wa mawe

Nyumba za mji wa kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yatokayo baharini. Matumbawe mengine yalichomwa kwa moto mkali yakawa chokaa, nayo chokaa ikayashika mawe pamoja. Sakafu na dari zilibebwa na boriti za mikoko.

Msikiti Mkuu bado wasimama. Sehemu yake ya kaskazini ilijengwa katika karne ya 11, na sehemu kubwa ya kusini, yenye nguzo na kuba, iliongezwa katika karne ya 14. Mbali kidogo, juu ya jabali lielekealo bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mwaka 1331 msafiri mmoja wa Maroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Kilwa zamani za sultani huyo, akausifu mji, tena akamsifu sultani kwa ukarimu wake.

Utajiri huo ulitoka wapi? Ulitoka hasa katika dhahabu. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikachukuliwa hata Sofala, katika pwani ya Msumbiji, kisha ikaletwa Kilwa kwa vyombo vya baharini. Pembe za ndovu nazo zilikuja. Wafanyi biashara wa ng'ambo walileta nguo, shanga na vyombo vya udongo ili wabadilishe. Wafalme wa Kilwa walitoza ushuru, tena walifua sarafu zao wenyewe za shaba. Sarafu moja ya namna hiyo imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Tena tusifiche mabaya. Baadaye, dhahabu ilipokwisha kupungua, wanadamu waliuzwa huko. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliagana na Mfaransa mmoja kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Habari za mji ni lazima zisemwe zote, zile za fahari na zile za aibu.

Mji ulipata pigo kubwa mwaka 1505. Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliingia kwa silaha, wakauteka na kuupora, wakajenga ngome. Waliondoka mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu haikurudi tena kama zamani. Ngome ionekanayo leo, iitwayo Gereza, ilijengwa upya na Waarabu wa Omani.

3. Vyombo vya Uchina vilifikaje Afrika?

Twajua sote jinsi chungu kinavyofanywa. Mfinyanzi huchimba udongo bondeni, huuponda, huukanda, huufinyanga kwa mkono, hukianika chungu hata kikauke, kisha hukichoma kwa kuni na nyasi mahali pa wazi. Moto wa namna hiyo ni mkali, lakini aghalabu hauzidi nyuzi 900. Chungu chake ni kizuri kwa kupikia na kwa kupoza maji, kwa sababu udongo wake una matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho.

Wachina walikuwa na udongo wa namna nyingine, mweupe sana. Waliuchoma katika tanuru lililofungwa, kwa moto wa nyuzi 1,200 na zaidi. Katika moto huo udongo hushikamana kama jiwe, usipitishe maji hata kidogo, na ukigongwa hulia kama kengele. Vyombo hivyo huitwa vya kauri. Juu yake walipaka maji ya udongo na majivu, ambayo motoni huyeyuka yakawa ngozi nyororo ing'aayo kama kioo. Kukiwa na chuma kidogo katika maji hayo, na hewa ikizuiwa tanuruni, rangi huwa ya kijani kama jani changa. Vyombo vya kijani vya namna hii vilifanywa kwa wingi katika nchi ya Longquan.

Vile vyenye maua ya buluu vilifanywa hasa katika mji wa Jingdezhen. Hapa pana jambo la ajabu. Jiwe lililotoa rangi ile ya buluu, katika karne ya 14, lilinunuliwa Uajemi. Basi jiwe lilisafiri toka Uajemi hata Uchina, likageuzwa ua juu ya bakuli, na bakuli likarudi tena magharibi likauzwa.

Vyombo hivi havikuletwa kwa safari moja. Vilipakiwa katika merikebu bandarini Uchina, vikafika Bara Hindi, vikauzwa, vikapakiwa tena kwenda Uajemi na Arabuni, kisha vikaletwa pwani yetu. Dereva wa merikebu alikuwa upepo. Toka mwezi wa Desemba hata Machi huvuma kaskazi, upepo utokao pande za Arabuni na Bara Hindi kuja huku. Toka Aprili hata Septemba huvuma kusi, nao huzirudisha merikebu kwao. Asiyeondoka kwa wakati wake hungoja mwaka mzima. Kilwa iko karibu na mwisho wa mwendo ambao chombo chaweza kuufanya na kurudi katika majira hayo. Hiyo ni sababu moja iliyoufanya mji huo kuwa lango la dhahabu.

Si Wachina peke yao waliopeleka vyombo. Kilwa vimeonekana vigae vya Uajemi vyenye rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, vigae vya Uajemi vilivyochorwa kwa ncha kali, na vigae vya manjano vyenye mistari myeusi vitokavyo Arabuni ya kusini. Watu wa pwani walivipenda vyombo hivi hata wakavitia katika majengo yao. Katika Msikiti Mdogo wa Kuba wa Kilwa mabakuli yaling'arishwa ndani ya dari, yakakazwa kwa chokaa. Na huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, nguzo za makaburi ya kale zilipambwa kwa sahani za Kichina.

4. Jinsi kigae kinavyosomwa

Mtaalamu wa mambo ya kale hachimbi kama mtu atafutaye viazi. Huondoa udongo kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, akiandika kila kitu na mahali pake. Takataka za jana huwa juu ya takataka za juzi. Basi lililo chini kabisa, kama ardhi haikuvurugwa, ndilo la zamani zaidi.

Lakini atajuaje tabaka ni la mwaka gani? Hapo ndipo vigae vinaposaidia. Wafinyanzi wa Uchina walibadili mitindo yao mara kwa mara, na nyakati za mitindo hiyo zajulikana kwao. Tuseme mtaalamu ameona sakafu ya nyumba, na chini ya sakafu hiyo, pasipovurugwa, pana kigae cha bakuli la karne ya 14. Atajua mara moja ya kuwa sakafu haikutiwa kabla ya karne hiyo, kwa maana kigae kisichokwisha kufanywa hakiwezi kuzikwa. Hata hivyo hatafanya haraka, kwa sababu bakuli zuri huweza kutunzwa na jamaa moja miaka mia kabla halijavunjika. Ndiyo sababu hatafuti kigae kimoja, bali hutafuta vingi, na hulinganisha vigae na sarafu, shanga, mifupa na makaa.

Kwa njia hiyo Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, akatoa kitabu chake mwaka 1974. Wengine wamefuata baada yake, huko na katika kisiwa cha jirani, Songo Mnara.

5. Mashahidi wawili

Kilwa ina mashahidi wawili. Wa kwanza ni kitabu. Kuna tarehe ya kale ya wafalme wa Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Yasimulia ya kuwa Ali bin Hasan, mtu wa Shirazi huko Uajemi, alikuja kwa merikebu, akakinunua kisiwa kwa nguo nyingi zilizoweza kukizunguka pande zote. Watu waliosoma habari hiyo zamani, hasa Wazungu, walisema kwamba Kilwa ilijengwa na wageni tu, na kwamba Mwafrika hakuwa na sehemu ila ya kubeba mawe.

Shahidi wa pili ni vigae, nao wasema namna nyingine. Vigae vizuri vya Uchina na Uajemi ndivyo vipendezavyo macho, lakini ni vichache. Sehemu kubwa kabisa ya vigae vya Kilwa ni vya vyungu vya kupikia na mitungi, vilivyofinyangwa kwa mkono na watu wa pwani hiyo hiyo. Hivyo viko katika kila tabaka, toka juu hata chini. Katika tabaka za chini kabisa, za karne ya 9 hivi, hapana majumba ya mawe. Pana alama za nyumba za miti na udongo, mavi ya chuma kilichoyeyushwa pale pale, na vyungu vya wenyeji. Hata wakati huo, tazama, vipo vigae vichache vya Uajemi. Maana yake, watu waliofinyanga vyungu hivi walikuwa wavuvi, wahunzi na wafanyi biashara tangu mwanzo, kabla ya jumba lo lote la fahari kusimama.

Je, kitabu kimesema uongo? Tusihukumu upesi. Kitabu chenyewe chasema ya kuwa kisiwa kilinunuliwa. Kitu kinunuliwacho kina mwenyewe. Basi hata kitabu chakiri kwamba wageni waliwakuta watu. Tena mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa miji ya pwani. Waliona ya kuwa wengi wa watu wale walikuwa wa asili mbili zilizochanganyika: upande wa mama zaidi ni wa Kiafrika, na upande wa baba mara nyingi ni wa Uajemi. Wageni walikuja kweli, wakaoa, wakakaa. Lakini mji, lugha na jiko vilikuwa vya nyumbani.

Kitabu husimulia habari za wafalme, kwa sababu wafalme ndio waliowalisha waandishi. Kigae husimulia habari za mama aliyepika, ambaye jina lake halikuandikwa po pote. Mtu apendaye kweli huwasikiliza wote wawili.

6. Hatari, na kazi yetu

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Mwaka 2004 yaliandikwa pia katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ukingo wa kisiwa na kuta zikianguka. Kazi kubwa ya kuzitengeneza ilifanyika, na mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Lakini bahari haichoki, na mvua haichoki.

Iko hatari nyingine ndogo, nayo hutoka mikononi mwa watu. Mgeni huona kigae kizuri, hukitia mfukoni. Mwingine naye vivyo hivyo. Kila mmoja asema, Kimoja hakidhuru. Lakini kigae kilichoondolewa mahali pake ni kama shahidi aliyetolewa barazani kabla hajasema. Nyumbani kwa mgeni yule ni pambo tu, na hakuna ajuaye tena kililala tabaka gani, wala kilikuwa pamoja na nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yawakataza watu kuchimba au kuchukua vitu vya namna hiyo bila ruhusa.

Wala msidhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa pwani peke yao. Pande zote za ziwa letu vimeonekana vigae vya kale kuliko Kilwa. Viko vile viitwavyo Urewe, kwa jina la mahali fulani katika Kenya ya magharibi: vyungu vyenye michoro mizuri, na vingi vina kishimo kitakoni kama kilichobonyezwa kwa kidole. Vilifanywa na watu waliojua kulima na kuyeyusha chuma, na vya kwanza vina umri wa miaka zaidi ya 2,000. Viko na vya kale zaidi, viitwavyo Kansyore, kwa jina la kisiwa katika mto Kagera. Hivyo ni vya wavuvi na wawindaji wa miaka elfu nyingi iliyopita. Watu hao hawakuacha kitabu hata kimoja. Kwa habari zao hatuna tarehe ya wafalme. Tuna vigae, mawe na mifupa basi.

Kwa hiyo, mtoto alimaye na kuona vigae vingi vyenye michoro, au mavi ya chuma, afanye hivi. Asivikusanye wala asichimbe zaidi. Akumbuke mahali penyewe, karibu na mti gani au jiwe gani, kisha amwambie mwalimu wake. Mwalimu ataweza kupeleka habari kwa afisa utamaduni wa wilaya au kwa watu wa makumbusho. Wanafunzi wa Butiama waliokwisha kuingia katika makumbusho ya Mwalimu Nyerere wajua jinsi vitu vya mtu vitunzwavyo ili wajukuu wavione. Watu wa Urewe nao ni watu, na shamba ndilo makumbusho yao. Tukilivuruga, hakuna atakayeweza kulipanga tena.

Maswali

1. Taja Kilwa tatu, ueleze tofauti zao.
2. Kwa nini chungu chetu hupoza maji, na bakuli la kauri halipozi?
3. Pepo za kaskazi na kusi zilisaidiaje biashara?
4. Mtaalamu ameona kigae cha karne ya 14 chini ya sakafu. Aweza kusema nini juu ya umri wa sakafu? Hawezi kusema nini?
5. Kitabu cha wafalme na vigae vya Kilwa hupatana wapi, na hutofautiana wapi?
6. Waulize wazee wa kijiji chako: ni nani waliofinyanga vyungu zamani, na udongo ulichimbwa wapi? Andika majibu yao.